Dawa ya Mtu Mmoja

Karakana ya sare za shule ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya umeme, na mtu akipanda ngazi alizisikia cherehani kabla hajauona mlango. Wanawake walikaa kwa safu, migongo imeinama, na mwisho wa safu ya dirishani alikaa yule ambaye wote walimwita Mama Sare. Hakuwa na mtoto. Jina lilitokana na utani kwamba hakuzaa hata mmoja lakini watoto wa wilaya nzima kawavisha yeye, na kwa kuwa utani huo aliuanzisha mwenyewe, hakuna aliyeona haya kumwita hivyo.

Alikuwa mjane. Mumewe alikufa zamani zile dawa za virusi vya Ukimwi hazijafika hospitali za kawaida, akakonda mpaka yakabaki macho tu. Dawa zilipofika, Mama Sare akawa miongoni mwa watu wa mwanzo kuandikishwa. Tangu hapo alimeza kidonge chake kila jioni, mvua inyeshe jua liwake, na mwili ukarudi. Wenzake wa karakana walijua, maana hakuwaficha. "Mkiniona nimenenepa," aliwaambia, "msidhani nimepata bwana. Ni vidonge."

Kliniki alihudumiwa na nesi mmoja wa makamo, mtu wa maneno machache lakini mwenye subira. Ndiye aliyemweleza mwanzoni kabisa ile dawa inafanya nini. Kirusi, alimwambia, ni kitu kisichojiweza. Hakili, hakipumui, hakizai peke yake. Kinaingia ndani ya chembe ya damu, kinaziteka mashine zake, kisha kinailazimisha itengeneze nakala zake kwa maelfu. "Dawa haikiui. Inaingia humo humo na kuharibu kazi. Inajifanya kipande halali, kirusi kinakipokea na kukiunganisha, kumbe hakina pa kushikia kinachofuata. Nakala inakatikia njiani."

"Kama mtu kuchomekewa bobini tupu, haina uzi," alisema Mama Sare.

"Haya, bobini tupu. Lakini vile vilivyokwisha kujificha mwilini havifi. Vinalala. Ndiyo maana utameza maisha yako yote."

Hilo la kulala lilimkaa kichwani. Kila mwaka walipompima damu aliambiwa virusi havionekani, naye alirudi kazini moyo mweupe, akijisemea: vimelala, na vilale.

Mdogo wake alikuwa mtu maarufu. Mama yao alifariki yeye akiwa bado anatambaa, na dada mtu akaacha shule akamlea. Akampa jina la Kitinda, na hata alipoota ndevu aliendelea kumwita hivyo. Kitinda alitangaza mpira redioni. Sura yake walioijua ni wachache, lakini sauti yake, hata mtoto mdogo aliitambua. Ilikuwa sauti nzito yenye mkwaruzo kidogo, na siku za mechi karakana nzima ilifungulia redio, hata wale wasiojua kona ni nini.

Siku aliyokuja kwa dada yake akitembea upande, akainua shati, akamwonyesha malengelenge yaliyouzunguka ubavu, Mama Sare alikaa kitako. Ulikuwa mkanda wa jeshi. Mumewe ulimwanza hivyo hivyo.

"Umepima?" alimuuliza.

"Kupima nini, dada? Nimeumwa na mdudu."

"Kitinda. Usinifanye mtoto."

Walikwenda kupima mji wa jirani, ambako hakuna aliyewajua. Njiani Kitinda alikata kauli kwamba hatafungua mdomo, maana akisema neno moja tu amekwisha. Basi Mama Sare ndiye aliyejibu kila swali, umri, kazi, ndoa, mpaka mshauri aliyekuwa akiwapokea akamwangalia mdogo wake kwa huruma na kuanza kumwonyesha kwa ishara za mikono jinsi kidole kitakavyochomwa. Alidhani ni bubu. Walipotoka nje na majibu, walicheka juu ya hilo mpaka wakashikilia ukuta. Kisha Kitinda akaacha kucheka, akachuchumaa pale pale barabarani, akaficha uso.

"Utaanza dawa wiki hii," dada yake alisema. "Nesi wangu ni mtu mzuri."

"Na benchi la pale nje? Unaitwa, unaitika. Mimi nikiitika tu, benchi zima litageuka."

"Waache wageuke. Watu wote pale wamefuata kile kile."

"Wewe unashona, dada. Mimi nina sauti." Akafuta pua kwa kiganja. "Na wifi yako ana mimba changa. Juzi kapimwa kliniki ya wajawazito, hana kitu. Nikimwambia leo ataondoka."

"Ndiyo maana umwambie leo."

"Nitamwambia. Ngoja mashindano yaishe. Yakiisha tu, namwambia, na dawa naanza."

Alimsihi kwa upole, akamsihi kwa ukali, akamtajia marehemu mama yao. Kitinda aliinamisha kichwa kila mara na kila mara akarudi pale pale: mashindano. Na huku anazidi kudhoofika. Akaanza kukohoa, redioni akawa anaachia wageni wazungumze ili yeye apumzike. Mama Sare alikaa kwenye cherehani yake akiisikiliza ile sauti ikikatika, na fikra mbaya ikamjia ikiwa imevaa nguo za fikra nzuri. Virusi vyake yeye vimelala miaka yote hii. Usingizi wa namna hiyo hauwezi kukatizwa na siku moja ya kuruka. Ameze leo yeye, kesho mdogo wake. Mashindano yataisha, Kitinda ataandikishwa, na kila mtu atarudi kwenye chupa yake.

Wakaanza. Kitinda alipita jioni ya zamu yake akitoka kazini, anakula, anameza, anaondoka. Mke wake aliambiwa kwamba dada mtu amekuwa mpweke na anahitaji mtu wa kukaa naye mezani. Mwanzoni dawa ilimsumbua. Ilimletea ndoto za ajabu, na alizisimulia kama anavyotangaza mpira, kwamba usiku uliopita alikimbizwa na refa asiye na kichwa, na dada yake alicheka mpaka machozi. Kisha kikohozi kikaacha. Mashavu yakajaa. Sauti ikarudi nzito kama kawaida, na Mama Sare alipoisikia ikivuma kutoka redio ya karakana alijiona ametenda jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kutenda.

"Umemwambia wifi?" alikuwa akimuuliza.

"Bado kidogo."

"Unamkinga, lakini?"

"Dada, hayo nayo tuzungumze mimi na wewe? Najua ninachofanya."

Siku moja wifi mwenyewe alipanda ngazi za karakana amekumbatia kitambaa cha maua. Alikuwa msichana mcheshi, mfupi, aliyezoea kusema analofikiri. Alitaka gauni la mimba. Mama Sare akamsimamisha mbele ya kioo, akampitishia futi kifuani na tumboni.

"Wifi, sijui unampikia nini mume wangu," alisema yule binti akijitazama kiooni. "Alikuwa kanyong'onyea mpaka nikaogopa. Sasa amenawiri, hata nyumbani amekuwa mtu mwingine. Ni kama ndiyo kwanza tumeoana." Akacheka na kujifunika mdomo. "Samahani, nimesahau wewe ni dada yake."

Wenzake waliangua kicheko. Mama Sare naye alicheka, lakini futi lilimtoka mkononi, akainama kuliokota na akakaa kule chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jioni ile alimwambia Kitinda maneno makali kuliko yote. Kitinda alimsikiliza, akameza kidonge chake, akasema amekwisha kusikia.

Wakati wake wa kupima damu ya mwaka ukafika. Siku ya majibu, nesi alifunga mlango kabla ya kukaa, na Mama Sare akajua.

"Virusi vimepanda," alisema nesi. "Vimepanda sana. Dawa unameza?"

"Nameza."

"Kila siku?"

"Labda nilisahau mara mbili tatu. Kazi zilikuwa nyingi."

Nesi hakubishana naye. Alimtoa damu nyingine, ikapelekwa maabara kubwa, na yaliporudi majibu yale yalikuwa mabaya zaidi. Virusi vyake vilikuwa sugu. Ile dawa aliyoimeza miaka yote haikuvifanya kitu tena.

"Nikueleze, ingawa nadhani unajua unachonificha," nesi alisema. "Kirusi ni fundi mbovu. Kila kinapojinakili kinakosea. Dawa ikiwepo ya kutosha, hakuna nakala inayotoka, nzima wala iliyokosewa. Dawa ikipungua, zinatoka chache. Nyingi zitakufa dawa ikirudi. Lakini ikitokea moja ambayo kosa lake limeifanya isikubali kile kipande cha uongo, hiyo ndiyo itakayozaa. Na kidonge chako ndani yake kina dawa tatu. Ukiacha siku, mbili zinatoka mwilini mapema, moja inabaki peke yake. Peke yake haiwezi. Ni afadhali mtu asimeze kabisa kuliko kumeza kwa kuruka."

Mama Sare alikuwa akitazama mikono yake. "Kwa mtu yeyote ni hivyo?" aliuliza. "Hata aliyeanza juzi?"

"Huyo ndiyo zaidi. Wewe ulikuwa na virusi vichache vilivyolala. Aliyeanza juzi ana mamilioni."

Nesi alingoja. Aliona kwamba kuna jambo limefika mdomoni mwa yule mama likarudi. Akampa dawa nyingine, vidonge vikubwa vya kumeza asubuhi na jioni, na kumwonya kwamba vitamharibu tumbo.

Siku hiyo hiyo alimweleza Kitinda kila kitu, na kwamba hatampa tena, si za zamani wala mpya. Akaweka nauli ya kliniki mezani. "Kesho twende. Nitakaa na wewe kwenye benchi. Nitaitika mimi."

"Bado nusu fainali na fainali, dada. Imebaki kidogo hivi."

"Nilichokuwa nakupa kilikuwa kinakuua polepole, na mimi ndiye niliyekupa. Unanisikia?"

"Mbona nimepona?"

"Hujapona. Unaonekana umepona."

Kitinda alisimama, akasema kwamba dada yake amechoka kugawana, aseme tu hivyo, asilete habari za maabara. Maneno hayo yalimchoma kuliko alivyojua yeye aliyeyasema. Aliondoka bila kula, na hakurudi jioni iliyofuata, wala zile zilizofuata.

Siku ya fainali karakana ilifanya kazi kwa sababu shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Redio ilikuwa juu ya kabati la vitambaa. Mama Sare alikuwa akipiga kola, akisikiliza, na alitambua kabla ya wengine kwamba Kitinda anarudia jina la mchezaji mmoja, analirudia tena, kama mtu aliyepotea katikati ya sentensi. Kisha ikawa kimya. Zilisikika kelele za uwanja tu, kiti kikaburuzwa, mtu akasema kwa mbali "mshikeni," halafu studio ikaweka muziki. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Hakuna aliyemwangalia.

Hospitalini walikuta kuvu limeingia kwenye utando wa ubongo wake. Daktari alisema ugonjwa huo huwapata wale ambao kinga yao imekwisha, na kwamba lazima watibu kuvu kwanza, dawa za virusi baadaye. Alizungumza na Mama Sare ukumbini, kwa kuwa mgonjwa alikuwa amekataza mkewe asiambiwe. Kitinda alilala gizani kwa sababu mwanga ulimuumiza. Kuna saa alimjua dada yake na kuna saa alimwita mama. Katika mojawapo ya saa alizomjua, alimshika mkono.

"Usimwambie," alisema. Sauti ile ilikuwa imekonda. "Aseme homa ya uti wa mgongo. Watu wote waseme hivyo. Niapie, dada."

Alikuwa amemwosha, amembeba mgongoni, amemfundisha kutamka maneno. Aliapa.

Kitinda alizikwa na watu wengi sana. Redio ilimsifu siku nzima.

Mimba ilikuwa kubwa sasa. Baada ya matanga kumalizika, wifi alipanda ngazi za karakana polepole, amevaa lile gauni la maua. Wenzake Mama Sare walijifanya wana shughuli chini, wakawaachia chumba. Yule binti aliketi kwenye kiti cha fundi wa vifungo, akaupakata mkoba wake.

"Wamenipima tena kliniki," alisema. "Wanapima tena mimba ikikua. Wameniambia ninavyo."

Mama Sare aliweka mkasi chini.

"Nimekuja kwako kwa sababu wewe unaishi navyo na sijawahi kukuona ukiwaogopa watu. Nimefikiri sana. Mwanzo wa mimba sikuwa navyo. Kwa hiyo ni yeye. Kaniletea, na huenda hata mwenyewe hakujua, maskini." Alifungua mkoba. "Nimepewa hizi. Nesi wa wajawazito amesema nikimeza bila kuruka, mtoto atazaliwa salama. Nilitaka uniambie kama ni kweli, na kama zinaumiza tumbo."

Akaweka chupa juu ya meza ya kukatia. Mama Sare aliitambua kabla haijatua. Ilikuwa dawa ile ile.

Mambo yote yakajipanga mstari kichwani mwa Mama Sare, na hakukuwa na namna ya kuyapindisha. Kama Kitinda angemeza dozi nzima, virusi vyake vingelala na asingemwambukiza mkewe. Kama asingemeza kabisa, asingekuwa na nguvu za kumgusa. Ile nusu ndiyo iliyomnyanyua kitandani na kuviacha virusi vikiwa hai, tena vimekwisha kuizoea dawa. Na hivyo hivyo vilivyoizoea ndivyo vilivyokuwa sasa ndani ya huyu binti, na dawa iliyokuwa mezani inaweza isivifanye lolote, na mtoto anakaribia.

Kiapo alikifikiria, hawezi kusema hakukifikiria. Aliwaza hata kumwambia uongo mwingine, kisha yeye mwenyewe aende kwa nesi peke yake na kumnong'oneza. Lakini nesi angeuliza umejuaje, na binti naye angeuliza kwa nini nabadilishiwa dawa. Mama Sare akapiga moyo konde.

"Usimeze hizo, wifi," alisema. "Huenda kwako hazifanyi kazi."

"Kwa nini?"

Akamwambia. Hakupamba. Alipofika kwenye zile jioni, akaitazama chupa, akaendelea.

Yule binti alimsikiliza akiwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. Uso wake haukubadilika.

"Alipokuwa anakuja kwako kula," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo alijua."

"Alijua."

"Na wewe ukanipima gauni. Nikakuambia yale maneno, nikacheka. Ulikuwa umepiga magoti hapo chini."

"Ndiyo, wifi."

"Usiniite wifi."

Kulikuwa na mvuke wa pasi chumbani na harufu ya kitambaa kipya. Binti alichukua chupa, akairudisha mkobani, akajisukuma kusimama. Mama Sare alitaka kumsaidia, akaona mkono wake unaepukwa.

"Twende kwa huyo nesi wako," alisema binti. "Ukayaseme hayo hayo mbele yake. Usipunguze."

Walikwenda mmoja mbele, mmoja nyuma. Nesi alisikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alimwangalia Mama Sare kwa hasira ya wazi. "Ningekupa dawa ya kwake," alimwambia. "Ungeniambia tu kwamba ana aibu ya benchi, ningemletea nyumbani kwako." Kisha akamgeukia mjamzito, akaanza kuandika dawa nyingine, zile kubwa za asubuhi na jioni, na kumweleza kwa sauti tulivu kwamba zimebaki wiki za kutosha kuvishusha virusi kabla ya uchungu, na mtoto naye atapewa dawa yake ya maji tangu siku ya kwanza.

Habari hazikufichika. Baba mdogo wa marehemu alikuja karakana na kumwambia Mama Sare mbele ya watu kwamba amemvua nguo mtoto wa marehemu ndugu yake kaburini, na kwamba asikanyage kwake tena. Mwenye shule moja alihamishia oda yake ya sare kwingine, hakusema sababu. Wanawake wa karakana hawakumsema. Waliendelea kumsogezea chai, lakini utani ulikwisha, na redio ikashushwa kutoka juu ya kabati bila mtu kuulizwa.

Binti alirudi kwa wazazi wake kwenda kujifungulia huko. Mama Sare alipiga simu mara nyingi, haikupokelewa. Nesi alimwambia tu kwamba uhamisho wa kliniki umefanyika na dawa anazo, zaidi ya hapo hana ruhusa.

Alizoea vidonge vipya, na tumbo likazoea. Virusi vyake vilianza kushuka. Nesi alipomwonyesha majibu hakufurahi wala hakuhuzunika. Aliuliza kama anaweza kurudi kazini.

Ujumbe ulimfikia kwenye simu adhuhuri moja akiwa anatia mikono kwenye mashati. Namba aliijua. Ulisema: "Mtoto hana. Hicho ni kipimo cha kwanza, watarudia akiacha kunyonya."

Aliusoma, akafuta miwani kwa pindo la shati, akausoma tena. Akaandika asante, akaifuta. Akaandika Mungu amkuze, akaifuta hiyo pia. Alipopiga, simu iliita mpaka ikakatika.

"Nani?" aliuliza mwenzake wa pembeni.

"Wametuma kwamba mtoto mzima."

"Alhamdu, Mungu mkubwa. Wa kike au wa kiume?"

Mama Sare akaitazama simu. Hakukuwa na pa kujua.

"Hawakusema," alijibu, akavuta shati lililofuata.